MRI ya shingo: nyota nne kutoka kwa fundi cherehani wa Ngamiani

Nguo nzuri naijua kwa kuigeuza ndani nje. Nashona Ngamiani, Tanga, tangu 1989, na mteja akiniletea gauni la fundi mwingine nilirekebishe, sihangaiki na lilivyokaa kwa nje. Naligeuza, natazama mishono, pindo, na mahali uzi ulipokatwa. Kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, nacho nitakieleza hivyo hivyo. Nimepigwa MRI mbili ndani ya miezi tisa katika vituo viwili vya binafsi Dar es Salaam, moja ya kiuno, moja ya shingo. Ya kwanza ilikuwa pesa iliyopotea. Ya pili ndiyo iliyoniokolea mikono. Majina ya vituo sitayataja, wala ya hospitali nilizopita, maana ninachotaka mjue ni nini cha kudai popote mtakapokwenda.

Ilianza Ramadhani ya 2023. Fundi yeyote wa pwani anajua Ramadhani ni msimu: kumi la kwanza vitambaa vya Idi vinaingia, kumi la mwisho hulali. Mwaka ule nikashindwa kutunga uzi. Macho hayakuwa na neno, miwani ilikuwa mipya, tundu la sindano naliona vizuri kabisa. Ni vidole. Nikiushika uzi sijui kama nimeushika au umeshaanguka, mpaka nitazame. Kanzu za watoto zina vifungo vidogo vya kushonea kwa mkono, na zamani nilikuwa namaliza arobaini usiku mmoja baada ya tarawehe. Mwaka ule nilikuwa namwita mjukuu wangu wa darasa la nne anishikie kifungo nikipitishie sindano, na bado nilijichoma.

Baada ya Idi miguu ikafuata. Ikawa mizito, kama nimetembea kwenye mchanga wa maji kupwa. Kandambili zikawa zinanivuka. Natoka nyumbani na jozi, nafika barazani kwenye cherehani na mguu mmoja mtupu, na sikuhisi ile nyingine ilipobaki. Kushuka kwenye bajaji nikawa nashikilia chuma kwa mikono miwili. Shingo yenyewe, na hili naomba lisomwe mara mbili, haikuwa ikiniuma. Asubuhi ilikuwa ngumu kidogo, basi. Ndiyo maana hakuna aliyeitazama, hata mimi.

Nikaenda hospitali. Nikaambiwa baridi yabisi. Nikapewa vidonge vya vitamini. Sukari ikapimwa, iko sawa. Mwingine akasema ni mshipa wa kiganja umebanwa kwa sababu ya kazi ya cherehani, nikavalishwa kibao cha kifundo cha mkono miezi miwili. Mwisho, kwa sababu ya miguu, nikaandikiwa MRI ya kiuno.

Kituo cha kwanza kilikuwa kizuri kupita hospitali yoyote niliyowahi kuingia. Vigae vinang'aa, maji ya kunywa ya baridi, mapokezi wana adabu, majibu ndani ya saa mbili. Nililipa shilingi 450,000. Karatasi ikasema diski za kiuno, vile vibamba laini vilivyo kati ya pingili, zimechakaa kiasi, kulingana na umri. Ni kweli tupu. Lakini pale kaunta, kwenye fomu, na hata ndani kwenye mashine, hakuna aliyeniuliza habari ya mikono. Fomu ya daktari ilisema "miguu mizito, kiuno", wakapiga kiuno. Siwalaumu kwa kupiga walichoandikiwa. Ila mimi nikiletewa suruali nikaambiwa fupisha, nikaona zipu imekufa, namwambia mwenyewe. Mama wa miaka 57 anayeshindwa kushika kalamu atie sahihi mbele yako, halafu unampiga picha ya kiuno kwa ajili ya miguu, hapo mtu angeinua kichwa akauliza. Nyaya za miguu haziwezi kufika kiunoni bila kupita shingoni.

Kwa majibu yale nikafanya mazoezi ya kiuno miezi sita. Hapo katikati nikakosea jambo kubwa. Jirani alinipeleka kwa mkandaji, akanikanda mabega, kisha akanizungusha shingo kushoto na kulia mpaka ikalia. Kuanzia siku ile nikiinamisha kichwa kutazama kitambaa, kitu kama shoti ya umeme kinateremka uti wa mgongo mpaka miguuni. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba mtu mwenye uti wa fahamu uliobanwa shingoni hapaswi kuzungushwa shingo na mtu yeyote, na ningeweza kuamka siku ile sina mikono wala miguu. Mwenye ganzi ya mikono na miguu mizito asikubali kuzungushwa shingo kabla haijapigwa picha.

Aliyenifumbua macho ni kijana wa mazoezi tiba, hapa hapa Tanga. Nilikwenda kwa ajili ya kiuno, yeye akanitazama navyofungua mkoba. Akasema, "Mama, hebu weka mkoba chini, nipe mkono." Akakishika kidole changu cha kati, akaupiga ukucha kwa ukucha wake, tik, kidogo tu. Kidole gumba changu kikaruka chenyewe kikajikunja. Akapiga tena, kikaruka tena. Akanipiga goti kwa nyundo ya mpira, mguu ukarushwa mbele kama nimempiga teke. Akanikwaruza unyayo, dole gumba la mguu likainuka juu badala ya kujikunja. Akaniambia nifumbe na kufumbua ngumi haraka haraka huku anatazama saa: sekunde kumi nikafika mara tisa. Mtu mzima wa afya, akasema, anafika ishirini na kupita. Kisha nitembee kisigino kwa kidole kama ninayefuata mstari wa chaki. Hatua ya tatu nikamdondokea mikononi.

"Tatizo lako haliko kiunoni, mama. Liko shingoni."

Hakutumia mashine hata moja. Dakika kumi. Nimelitia hili kwenye maoni ya kipimo kwa makusudi, kwa sababu picha ya shingo bila mkono wa mtu aliyekupima ni nusu ya kazi, na nitalirudia chini.

Tulianza na eksirei ya shingo, shilingi 30,000. Watu wengi huishia hapo, kwa hiyo nieleze ilionesha nini. Eksirei ni kivuli cha mifupa. Ilionesha pingili ya tano na ya sita za shingo zimekaribiana, nafasi ya diski imekwisha, na kingo za mifupa zimeota vinundu. Nilipigwa pia nikiwa nimeinama na nikiwa nimetazama juu, ili waone kama pingili zinateleza. Hazikuteleza. Lakini uti wa fahamu, ile kamba nene kama kidole kidogo inayotoka kwenye ubongo na kupita katikati ya pingili, eksirei haiuoni kabisa. Ungeishia kwenye karatasi ile ungeambiwa shingo imezeeka, na wenzangu wengi wa rika langu shingo zao zimezeeka vile vile na wanashona.

Niliuliza kama kipimo cha CT, eksirei ya kompyuta inayopiga vipande vipande, kingetosha, maana nilisikia ni nafuu. Nikajibiwa CT huona mfupa vizuri kuliko chochote, na kano iliyogeuka mfupa nyuma ya pingili inaiona vizuri pia, lakini uti wenyewe na diski MRI ndiyo inayozionesha. Mtu asiyeweza kuingia MRI, mwenye betri ya moyo ya aina isiyoruhusiwa kwa mfano, hufanyiwa CT baada ya kuchomwa dawa kwenye maji yanayozunguka uti. Mimi sikuhitaji. Nikauza mashine yangu ya ovaloki, nikapanda basi la Dar.

Sasa kituo cha pili, Oktoba 2024.

Kiko ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa mbovu. Nianze na hili maana ndilo lililokula nyota. Kituo kinachopima watu wasioweza kutembea kinawapandisha ngazi. Binti yangu alinishika kwapani, nikapanda kwa mkono mmoja kwenye reli, nikapumzika kila kona. Nyuma yangu kulikuwa na baba amebebwa na wanawe wawili kwenye kiti cha plastiki. Mapokezi walisema pole. Pole haipandishi mtu.

Baada ya hapo, lakini, nilikutana na watu wanaojua kazi yao.

Dada wa fomu hakunipa karatasi nijaze. Alikaa na mimi, akauliza moja moja na kuandika mwenyewe. Una betri ya moyo? Umewahi kufanyiwa upasuaji ukawekewa chuma? Umewahi kuingiwa na chuma jichoni? Unafanya kazi gani? Niliposema fundi cherehani akaweka kalamu chini. "Mama, sindano imewahi kukuvunjikia mwilini?"

Imewahi. Mwaka 2011, sindano ya mashine ilinipita kidole cha shahada cha kushoto ikakatika. Muuguzi alitoa kipande, nikafungwa, nikasahau. Kama kilitoka chote sikuwahi kujua. Dada yule hakunipeleka kwenye mashine. Akanipeleka kwanza chumba cha pili, kidole kikapigwa eksirei, akasubiri picha, akaitazama na mwenzake. Kidole kilikuwa safi. Ndipo akanieleza: MRI ni sumaku, ya kwao ni ya Tesla 1.5, nguvu yake zaidi ya mara 30,000 ya ile inayogeuza sindano ya dira, na haizimwi hata usiku. Ncha ya sindano ya chuma ikibaki ndani ya nyama inaweza kuvutwa au kupata joto. Eksirei ile ya kidole hawakunitoza. Na alinipekua ukosi wa gauni akaniondolea pini mbili nilizokuwa nimezichomeka tangu Tanga bila kukumbuka. Fundi wote mnaosoma, kagueni ukosi na mikono ya nguo zenu kabla hamjaingia kule.

Kisha kuvua. Gauni langu lina vifungo sita mbele, nimelishona mwenyewe. Nikaanza na cha juu. Vidole vikawa vinateleza, kifungo kinaingia tunduni na kurudi. Nikakaa pale kwenye kile chumba kidogo chenye pazia nahangaika na kifungo nilichokishona kwa mkono wangu. Mhudumu wa kike, mama mwenzangu, aliita nje ya pazia, "Nije?" Nikasema njoo. Akavifungua vyote sita bila kusema neno, akanikunjia gauni vizuri, mshono kwa mshono, akaliweka kwenye kabati. Sijamsahau.

Ndani ni baridi. Kama wewe ni wa kusikia baridi, omba shuka mapema, mimi nililetewa baada ya kutetemeka, na kutetemeka kunaharibu picha. Unalala chali, shingo inawekwa kwenye kitu kama kizimba cha plastiki kinachofunika kuanzia kidevu hadi kifuani. Masikio yanazibwa. Kijana wa mashine akanipa mpira laini wa kubonyeza kama nitazidiwa, akaniambia nijaribu. Nikabonyeza kwa mkono wa kulia. Kimya. Nikabonyeza tena kwa nguvu zangu zote. Kimya. Akauhamishia mkono wa kushoto, nikabonyeza, kengele ikalia. "Sawa mama, huu ndio mkono wa kuniitia." Akaenda mezani akaandika kwenye fomu yangu kwamba mkono wa kulia hauna nguvu ya kubonyeza. Sentensi ile moja niliikuta baadaye kwenye majibu, maana daktari wa radiolojia, yule anayesoma picha, aliisoma. Kituo cha kwanza nao walinipa mpira kama ule. Waliuweka mkononi mwangu wakaondoka.

Mlio wake, kwa mtu wa kazi yangu, ni mashine ya kiwandani inayopiga zigizaga kwenye turubai: tatatata, kimya, dum dum dum, kimya. Kijana alinionya kuhusu jambo ambalo kwenye kiuno halikuwepo. Picha ya shingo huharibiwa na kumeza mate. Koo likisogea, picha inatikisika. Akasema nimeze wakati wa kimya, na kila kabla ya mlio alikuwa ananiambia kwenye spika, "Meza sasa mama." Seti moja nilikohoa, akairudia bila manung'uniko. Nilikaa kama dakika 35. Dawa ya mshipani sikuchomwa. Kwa ugonjwa huu wa uti kubanwa na shingo iliyochakaa kwa kawaida haihitajiki, na ukiambiwa ulipie dawa hiyo, uliza ni ya nini. Mionzi hamna.

Gharama 420,000. Nilipewa risiti, picha kubwa za plastiki, na CD. Hapo kwenye CD nimpe tena dada wa mapokezi haki yake: aliifungua mbele yangu kwenye kompyuta yake nione picha zimo. Watu hutoka na karatasi tu. Karatasi ni maneno ya mtu mmoja kuhusu picha. Daktari wa upasuaji anataka picha zenyewe, zote, azipitishe moja moja.

Majibu, sasa. Niliahidiwa kesho yake saa kumi. Yalitoka siku ya nne. Siku nne nimelala kwa binti yangu Tabata, kila asubuhi napiga simu, naambiwa daktari anasoma. Hili ningependa kituo kilifikirie kwa uzito. Kwenye picha ile kulikuwa na uti uliobanwa wenye alama ya kuumia. Aliyeifungua mara ya kwanza alipaswa kumpigia simu daktari aliyeniandikia siku ile ile, si kuiacha kwenye foleni pamoja na magoti na vifundo.

Yalipotoka, yalikuwa majibu ya mtu aliyeitazama kazi. Hayakusema tu shingo imechakaa. Yalitaja pahali hasa, kati ya pingili ya tano na ya sita, yakataja upana wa mfereji kwa milimita, yakasema uti umebonyea, yakasema ndani ya uti kuna alama na iko upande gani, yakasema diski nyingine zilizochakaa hazigusi uti. Yalikuwa kwa Kiingereza kitupu, na hakuna aliyekaa na mimi kunieleza. Nilielezwa na daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, wiki iliyofuata, na sasa nisimulie nilichokiona.

Alizima taa ya ofisi. Akaweka kwenye kioo picha ya ubavu, kama vile nimepasuliwa katikati toka utosini. Maji yanayozunguka uti yanatoka meupe, uti wenyewe kijivu. Unashuka kutoka ubongoni umenyooka, na weupe wa maji mbele na nyuma yake, kama utepe uliotiwa lasi pande zote mbili. Pingili ya pili, lasi ipo. Ya tatu, ipo. Ya nne, ya mbele imeanza kuwa nyembamba. Ukifika kati ya tano na sita lasi imekatika pande zote mbili. Mbele diski imetokeza pamoja na vinundu vya mfupa, nyuma kano imevimba na kujikunja ndani, na utepe umebinywa katikati kama kitambaa chini ya mguu wa cherehani. Chini yake lasi inaanza tena, nyeupe, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Akageuza, akaonesha vipande vya kukatwa kwa upana, kama unavyokata muhogo. Kwenye pingili ya tatu uti ni wa duara iliyolala, umekaa katikati ya maji. Kwenye tano na sita umebonyezwa ukawa kama kipande cha ndizi kilichopinda. Na ndani yake doa jeupe, dogo kama punje ya mchele. "Hili ndilo linanisumbua," akasema. Doa lile ni uti unaolalamika: huenda ni uvimbe unaoweza kutulia, huenda ni kovu. Akatafuta pahali pale pale kwenye picha ya aina nyingine, ile ambayo maji hutoka meusi, akatazama kama kuna doa jeusi. Halikuwepo. Akasema hiyo ni habari njema, weusi ukionekana huko mara nyingi matumaini hupungua. Mfereji wangu pale ulibaki milimita 7. Wa mtu mzima kwa kawaida ni kama 17, na chini ya 13 unahesabiwa mwembamba.

Nilitaka aniambie hapo hapo kama napasuliwa. Akawasha taa, akafunga picha, akaanza kunipima mwili upya kama yule kijana wa Tanga: ukucha, nyundo, unyayo, ngumi, mstari. Nikamuuliza kwa nini tena, wakati ameshaona. Akasema angeweza kunionesha picha za watu wengi wa umri wangu ambao uti umeguswa na diski na hawana dalili hata moja. Picha peke yake haimpeleki mtu chumba cha upasuaji. Na dalili peke yake haimwambii akate wapi. Akaniuliza kama nabeba ndoo kichwani (nimebeba toka utoto, hakusema ndiyo sababu, aliandika tu), kama haja ndogo inanibana ghafla, kama naweza kupanda ngazi bila kushika. Kila jibu lina alama, jumla kumi na nane kwa mtu mzima wa afya. Nilipata kumi na mbili. Kumi na mbili hadi kumi na nne ni ugonjwa wa kati, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 unasema wa kati na mkubwa wapasuliwe. Ugonjwa huu, akasema, ndio sababu kubwa kuliko zote ya uti wa fahamu kushindwa kazi kwa watu wazima, na utafiti uliowahi kupima ucheleweshaji ulikuta wagonjwa walisubiri wastani wa zaidi ya miaka miwili kabla ya kuambiwa wana nini. Mimi mwaka mmoja na nusu. Akaniambia nina bahati. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi nikalia, kwa sababu nilikumbuka Idi mbili nilizorudisha vitambaa vya watu.

Nilipasuliwa Novemba, kwa mbele ya shingo. Diski ilitolewa, nikawekewa kitu cha kushikilia nafasi na kibamba cha titani chenye skrubu. Nilielezwa mapema na kwa uwazi kwamba lengo la kwanza ni kuzuia usizidi, kinachorudi ni faida. Kimerudi kiasi. Shoti ya umeme imekwisha kabisa. Kandambili zinakaa mguuni. Mkono wa kulia bado una ganzi kwenye ncha za vidole viwili.

Kwa hiyo kituo cha pili nakipa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye ngazi zile na kwenye siku nne za kusubiri. Cha kwanza, chenye vigae, siwezi kukipa zaidi ya mbili, na moja kati ya hizo ni ya ukweli wao. Ukiwa na mikono inayoangusha vitu na miguu isiyokutii, mwambie anayekuandikia kipimo habari ya vyote viwili kwa pumzi moja, mwombe akupige ukucha wa kidole cha kati, na usome fomu kabla hujalipa uone imeandikwa shingo. Kama pesa ni ya kipimo kimoja tu, kama yangu ilivyokuwa, isiende kiunoni kwa sababu tu miguu ndiyo inayoonekana.

Mei 2025 nilirudi pale pale kwa eksirei ya kuangalia skrubu. Lifti ilikuwa inafanya kazi, naliandika hilo kwa furaha. Nilivaa gauni lile lile. Nilipomaliza nikarudi kwenye chumba chenye pazia, na mama yule yule akaita nje, "Nije?" Nikamwambia subiri kidogo. Akasubiri. Sikumsikia akiguna wala kutembea. Vifungo vya chini vinne nilivifunga mwenyewe, kimoja kimoja, kila kimoja natazama na kuhisi. Viwili vya juu, ambavyo sivioni, aliingia akanifungia yeye.